Jibu Nililompa Kondo wa Santuri

Mchana ule Ujiji, Kondo aliponiomba nimpelekee mke wangu swali, nilipaswa kumwambia, "Mke wangu ana masikio yake, muulize mwenyewe." Sikusema hivyo. Nilisema, "Haya, nitamuuliza." Nilisema nikitabasamu, na mkono wake nikaushika. Katika maisha yangu nimekubali mambo mengi ya kijinga, lakini hilo ndilo ninalotamani hadi leo ningelikataa.

Tuliporudi Tabora mlinijia nyumbani Itetemia, ninyi walimu wenzangu na majirani, mkakaa barazani mkitaka habari. Ni kweli mlisafiri na Kondo behewa moja? Yukoje? Nikawaambia ni mtu wa kawaida tu, mfupi kuliko picha zake, mlafi, na hana adabu kwa wake za watu. Mkacheka, mkanywa chai yangu, mkaenda kuwasimulia wengine. Ufupi na ulafi vilikuwa kweli. La adabu lilikuwa uongo, na mengine sikuyasema kabisa. Sasa mliobaki hai hamzidi wanne, na macho yangu hayanipi tena ahadi ya muda mrefu. Kwa hiyo naandika jinsi ilivyokuwa, kituo kwa kituo.

Tabora mpaka Urambo

Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nilikuwa mwalimu kijana niliyefika darasa la kumi, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu niliyekutana naye analijua kabla hajamaliza kunisalimu. Mke wangu Agnesi hakuwa na shule kubwa. Baba yake alilima jirani na seminari ya Kipalapala. Aliyemlea hasa ni babu yake, mzee aliyekuwa mpagazi kabla ya reli, aliyebeba pembe begani kwa miguu kutoka Ujiji na kurudi huko na marobota ya vitambaa. Watu wa nyumbani walikuwa wakimcheka yule mzee kwamba anatia chumvi. Karibu na kufa alimwambia Agnesi, "Siku moja nenda ukaione Ujiji, uwaambie hawa kwamba sikuwa mwongo." Ndiyo maana likizo ya Desemba ile, badala ya kushinda shambani kama wenye akili, tulipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu, na kikapu cha kuku wawili wa kukaanga, michembe ya viazi vitamu, karanga na chupa ya asali.

Lazima niseme pia kwamba Agnesi alikuwa na sauti. Mnamkumbuka kwenye kwaya. Lakini ninyi mlimsikia kanisani tu. Mimi nilimsikia akitwanga, akiosha vyombo, akimtafuta kuku aliyepotea. Jioni nilikuwa nakaa nyuma ya mlango wa jiko nikijifanya nasahihisha madaftari, kumbe nasikiliza. Sikuwahi kumwambia. Niliona ni kitu changu, na mtu hatangazi kitu chake.

Treni ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza pale watu walipoanza kukimbilia behewa letu. Nilidhani kuna mwizi. Kumbe ni Kondo, na nyuma yake mpiga fidla wake, mzee mmoja kimya aliyeitwa Hamza. Wenye gramafoni Tabora nzima walihesabika kwa vidole, lakini sauti ya Kondo tuliijua sote, maana mwenye gramafoni aliiweka dirishani ili mtaa ujue anayo. Picha yake ilibandikwa dukani sokoni, koti jeupe, nywele zimegawanywa njia pembeni. Alikuwa amepiga muziki mjini siku mbili. Agnesi aliniomba tukamwone, nikamwambia ule ni muziki wa walevi. Sasa yule mtu wa picha amesimama mbele yetu, jasho linamtoka, anatafuta mahali pa kukaa. Nawaambia ukweli: mimi, mpinga muziki wa walevi, ndiye niliyeinuka wa kwanza kumpisha.

Akaniangalia. "Ndugu, kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mimi Mzaramo. Sasa mtani anampisha mtani tangu lini? Kaa chini, sogea tu. Ila hili sanduku nipandishie pale juu. Ndiyo kazi ya babu zako."

Behewa zima likacheka. Nikalipandisha sanduku, nikamrudishia: "Afadhali babu zangu walifika mbali. Mzaramo akivuka Pugu anaanza kulia, anauliza njia ya kurudi kwa mama."

Wakacheka tena. Nilijisikia mtu mkubwa. Halafu akamgeukia Agnesi. "Na huyu si ndiye mke wangu? Niliyemwacha kwako unitunzie? Mbona umemkondesha?"

Agnesi hakuinua hata macho kutoka kwenye karanga alizokuwa akimenya. "Mume gani anarudi nyumbani na gitaa," alisema. "Jembe umeliacha wapi?"

Kicheko cha safari hii kilipita changu mbali. Hata Hamza, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alifuta macho. Nikaona moyoni kitu kidogo kimechoma, kama mwiba wa mchongoma kwenye soli: unaweza kutembea nao, lakini unajua upo.

Kwa wajukuu zenu wasiojua: utani wetu na Wazaramo ni wa tangu misafara. Watu wetu walipofika pwani na mizigo, hao ndio waliowapokea, na aliyefia huko, hao ndio waliomzika. Kwa hiyo mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kukuteka kitu chako mpaka ukikomboe, kumwita mkeo mkewe mbele ya mama mkwe wako. Na wewe unamfanyia hivyo hivyo. Kitu kimoja tu hakimo: kukasirika. Mtu akikasirikia utani anakuwa kama amewakana wazee wake waliozikwa kule.

Kila kituo watu walikuwa dirishani kwetu. Usoke waliletewa ndizi, Kondo na Hamza. Urambo mama mmoja alikuja na kapu la mayai ya kuchemsha, akapenya katikati ya watu, akaniwekea mapajani mimi. Nikamshukuru, nikamwambia mimi ni mwalimu wa Itetemia. Akasema, "Vizuri baba. Yashike vizuri yasivunjike, ni ya bwana wako pale." Niliyashika yale mayai mpaka Kaliua. Kondo alikula manane.

Malagarasi, tuliposimama siku mbili

Baada ya Nguruka treni ilianza kwenda kwa mwendo wa bibi harusi, kisha ikasimama. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu, mto umepanda, maji yamefunika reli. Mkuu wa treni akapita akituambia tutangoja mpaka yapungue, na alipoulizwa yatapungua lini akasema yeye si mto.

Tukashuka. Asubuhi ya pili pale kandokando ya reli palikuwa kijiji. Watu wa jirani walileta kambare wabichi, uyoga na mahindi ya kuchoma, na aliyekuwa akitawala majiko alikuwa Bi Tatu, mama mtu mzima wa Ujiji aliyekuwa akirudi kwao kumwoza mjukuu wake. Ni kwenye harusi hiyo hiyo Kondo alikuwa amealikwa kupiga. Bi Tatu alikuwa ametushika sote. Mimi nilitumwa kuni.

"Mwalimu, kuni hizi mbichi," aliniambia. "Shuleni hawakuwafundisha kuni?"

"Walitufundisha, Bi Tatu. Shikamoo."

"Marahaba. Umenisalimia mara tatu tangu alfajiri. Nenda kalete kavu."

Nilikuwa nimepanga tangu Tabora kuzungumza na Kondo kama mtu na mtu mwenzake. Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya nyimbo, na nilikuwa na daftari. Pale Malagarasi nilipata nafasi, tukakaa kwenye chuma cha reli, nikamwelezea mawazo yangu juu ya vina. Alisikiliza kwa adabu, akinyonya kichwa cha kambare. Nilipomaliza akasema, "Mtani, mkeo asubuhi alikuwa akiimba nini pale akichota maji?"

Hilo ndilo alilolipata katika maelezo yangu yote.

Nikasema sijui. Nilijua. Ulikuwa wimbo wa babu yake, wimbo wa wapagazi. Unaanzia kwetu Unyanyembe na kutaja kambi moja baada ya nyingine mpaka Ujiji, na kila kambi ina tusi lake dogo: hapa mbu, pale mtemi mchoyo, kule maji ya chumvi. Mguu unapigwa chini kwa uzito kwa sababu mtu ana mzigo. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ya kurudi. Kambi ni zile zile, zinatajwa kinyume, na mwendo unabadilika kwa kuwa sasa mtu anaelekea kwake. Agnesi aliwahi kunieleza hivyo. Kuimba, aliimba nusu ya kwanza tu. Ya kurudi, babu alimwambia, haiimbwi mtu akiwa bado hajafika. Kwa kuwa yeye hakuwahi kufika Ujiji, alikuwa akiitunza. Alisema akifika ataiimba, na mimi nitakuwa wa kwanza kuisikia.

Mchana tukaandaa chakula. Agnesi akafungua kikapu, ndani amebaki kuku mmoja. Kondo akaja kutoka nyuma, akakinyakua, akakikumbatia kifuani.

"Kikapu kimetekwa," akatangaza. "Mwenye mke wangu na akikomboe."

Watu wakakusanyika. Nikasema kwa utani uliokuwa umeanza kuchacha, "Chukua kuku, lete kikapu."

"Sijaongea na mpagazi. Naongea na mwenye nyumba. Bibi, fidia yangu ni ule wimbo wa asubuhi. Mzima."

Agnesi akanitazama. Nilidhani ananiomba ruhusa, nikatikisa kichwa. Sasa nadhani alikuwa akinionyesha tu kwamba anafurahi. Akasema, "Mzima huupati, hatujafika Ujiji. Nitakikomboa kwa nusu." Akafunga kanga kiunoni, akapiga mguu chini, akaanza.

Sijui kuandika sauti. Niseme tu yaliyotokea. Waliokuwa wakichuna samaki waliacha. Wazee wawili wa kijiji cha jirani, ambao hatukujua hata lugha yao, wakaanza kupiga miguu pamoja naye, na alipotaja kambi yao na tusi lake walicheka mpaka wakashikana. Hamza akatoa fidla, akawa anamfuata pole pole, hatua nyuma, kama mtu anayemfuata mwenye taa. Na Kondo, yule Kondo aliyepiga kelele kutwa, aliweka kikapu chini, akafumba macho.

Nilimtazama Agnesi. Hakuwa akinitafuta kwa macho. Alikuwa akimwimbia kila mtu. Sauti niliyokuwa naisikiliza nyuma ya mlango ilikuwa imetapakaa pale porini, kila mtu anachota, na mtu wa santuri amefumba macho kama anakula kitu changu. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba yule ni mke wa mtu, na mtu mwenyewe amesimama hapo na kuni mkononi.

Alikuwa amebakiza kambi mbili kufika Ujiji. Nikaenda nikakiokota kikapu kwa nguvu, kuku akaanguka mchangani.

"Inatosha," nikasema. "Mimi si mtani wako. Na huyu si mke wako. Utuheshimu."

Hakuna aliyecheka. Walidhani nitaendelea na utani, wakangoja, kisha wakaona uso wangu. Bi Tatu ndiye aliyesema. Alisema polepole, kama anamwambia mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni: "Mnyamwezi gani wewe unakasirikia utani?"

Kondo akapangusa mikono kwenye suruali yake. Akamwokota yule kuku, akampuliza mchanga, akamrudisha kikapuni na kukifunika vizuri na kitambaa. Kisha akarudi hatua mbili. "Nisamehe, Bwana Mwalimu," alisema. "Sikujua kwenu utani umekwisha. Mama, nawe unisamehe."

Alimwita mama. Akaondoka na Hamza wakakaa kivuli cha behewa la mwisho. Tangu saa ile mpaka tunaachana, hakumwambia Agnesi neno moja zaidi ya salamu, na salamu yenyewe alinipa mimi kwanza.

Uvinza, na chumvi

Maji yalipungua, tukavuka kwa mwendo wa kinyonga, watu wote wameshika madirisha kama ndiyo wanaoliinua daraja. Uvinza watu walishuka kununua chumvi. Ilikuwa mojawapo ya kambi za wimbo, ile ya maji ya chumvi, na nilitaka kumpendeza Agnesi, nikamnunulia pakacha zima. Akalipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mke mwenye adabu.

"Umekasirika," nikamwambia.

"Aliyekasirika ni wewe, Mwalimu."

"Alikuwa akikuita mke wake mbele ya watu."

"Na nikamuuliza jembe lake. Watu wakacheka. Kwani kulikuwa na nini kingine?"

Nikamwelezea kuhusu heshima. Nilieleza muda mrefu. Alikuwa akichukua punje za chumvi moja moja na kuzilamba. Nilipofika mwisho akasema, "Babu alikuwa na mtani Mzaramo. Alimwibia kofia, miaka yote hakumrudishia, na kila alipoisimulia alicheka mpaka machozi."

Ujiji

Bi Tatu, pamoja na yote aliyoyaona, alitukaribisha kwake. Alisema mgeni ni mgeni hata kama ana kisirani. Tulilala chumba cha nyuma chenye harufu ya mawese, tukala migebuka ya kuchoma, samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo, na mimi nilipewa kiti kizuri zaidi kuliko nilivyostahili. Siku hiyo ya kwanza Agnesi alikwenda mpaka pale ambapo barabara ya zamani ya misafara inaingia mjini. Ni barabara ya vumbi tu, pembeni kuna nyumba na mbuzi. Alisimama katikati yake akitazama upande wa kwetu, mashariki. Mama mmoja aliyebeba ndoo akamwomba apishe. Akapisha, akarudi katikati.

"Hakuwa mwongo," akasema.

Nilingoja aimbe ile nusu ya kurudi. Alifungua mdomo, nina hakika alifungua. Kisha akanitazama nilivyosimama pale na kofia yangu, akasema, "Tuendelee kwanza na harusi ya watu."

Harusi ilikuwa siku iliyofuata. Kondo na Hamza walipiga tangu asubuhi uani kwa Bi Tatu, na Agnesi alikuwa jikoni na wanawake wengine. Adhuhuri wanaume walipopumzika, Kondo akanijia. Alikuwa amevaa lile koti jeupe la kwenye picha. Akavua kofia.

"Bwana Mwalimu, nina ombi. Kama lina makosa, niambie, nitanyamaza."

"Sema."

"Mwezi ujao tunaingiza nyimbo mpya kwenye santuri, Dar es Salaam. Ule wimbo wa mama wa nyumbani kwako, sijawahi kusikia kitu kama kile. Nataka auimbe yeye mwenyewe, si mimi. Aje na wewe mumewe, mtakaa kwa dada yangu, siku kumi tu. Jina litakuwa lake." "Ningemuuliza mwenyewe. Lakini baada ya yale ya Malagarasi naona si adabu nimsemeshe. Muulize wewe kwa niaba yangu, uniletee jibu lake. Akisema hapana, ni hapana."

Mnaona. Mimi ndiye niliyeufunga mdomo wake kwa kisirani changu, na sasa kwa sababu umefungwa, swali lilipaswa kupita kwangu. Ningeweza kumwita Agnesi palepale. Jiko lilikuwa hatua ishirini, na nilikuwa naisikia sauti yake akicheka na wanawake.

Nikasema, "Haya, nitamuuliza."

Nikaenda. Nilipita jikoni, nikapita mlango wa jiko, nikatoka nyuma kwenye migomba. Nilikaa huko muda ambao mtu anaweza kumuuliza mkewe jambo, akafikiri, akajibu. Niliona picha ya Agnesi imebandikwa sokoni. Niliona gramafoni madirishani, na sauti ile inatoka kwa kila mwenye dirisha, na mimi napita mtaani na watu wanasema yule ndiye mume wa Agnesi, mbeba mayai wake. Sitaki kujipamba. Sikuogopa kwamba Kondo atamchukua mke wangu. Niliogopa kwamba dunia itamsikia, halafu mimi nitakuwa nani?

Nikarudi.

"Amekataa," nilimwambia. "Anasema ni wimbo wa babu yake, si wa kuuza."

Kondo alitazama chini. "Ana haki," akasema. "Mshukuru. Mwambie nimeelewa." Akavaa kofia yake, akaenda kumwambia Hamza. Hamza aligeuka akanitazama, muda mrefu, kisha akaendelea kukaza nyuzi zake.

Kurudi

Treni ya kurudi haikuchelewa hata kidogo, nami nilitamani ichelewe. Karibu na Uvinza Agnesi aliuliza, "Siku ile ya harusi Kondo alikuwa akikuambia nini?"

"Alikuwa akiaga."

"Hakuuliza habari za wimbo?"

"Hakuuliza."

Akafikiri. "Nilidhani angeuliza," akasema. "Fidia yenyewe hata sikuimaliza." Akageukia dirishani, na hakunisemesha mpaka Kaliua. Kambi za wimbo zilikuwa zikipita moja moja kinyume, kama ilivyo kwenye ile nusu ya pili, na hakuimba. Nilisema moyoni labda tukifika nyumbani.

Baada ya hapo ndipo mlipokuja barazani na mimi nikawaambia yale niliyowaambia. Agnesi ndiye aliyewaletea chai. Alisikia nikisema Kondo hana adabu. Aliweka vikombe, akatoka.

Dukani kwa fundi cherehani

Safari ilikuwa haijaisha, ingawa sikujua. Iliishia mjini Tabora, zaidi ya mwaka baadaye, kwenye duka la fundi cherehani tuliyekuwa tumempelekea kitambaa. Agnesi alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Fundi alikuwa na redio, ameiweka dirishani kama desturi, na watu wamesimama nje.

Fidla ya Hamza niliijua kabla Agnesi hajaijua. Ilianza kwa mguu mzito. Kisha sauti ya Kondo, akiimba kambi baada ya kambi, na Kinyamwezi chake kibovu kibovu. Akafika mahali ambapo nilikiokota kikapu, kambi mbili kabla ya Ujiji, akakoma. Kisha akazungumza:

"Hapa ndipo tulipoishia. Wimbo huu ni wa mama mmoja wa Tabora, tuliupata kwake Malagarasi treni iliposimama. Mwisho wake, na nusu nzima ya kurudi, anavyo yeye. Tulimwomba aje auimbe, akatuletea jibu kwamba amekataa. Ni haki yake. Tunamshukuru kwa hicho alichotupa."

Watu wa nje wakaanza kubishana ni mama gani huyo. Agnesi hakuwatazama. Alinigeukia mimi, akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini ili fundi asisikie:

"Nani alikataa?"

Njia nzima mpaka Itetemia nilitangulia mbele yake. Tulipofika nyumbani nikamweleza yote, mpaka ile migomba. Nikamwambia nitamwandikia Kondo siku ile ile, nitamwambia mimi ndiye mwongo, na tutakwenda. Nilikuwa nimeshachukua kalamu.

"Usiandike," alisema. "Nimeolewa kanisani, sitakwenda kumwaibisha mume wangu mbele ya nchi nzima. Umewaambia nimekataa. Basi nimekataa."

Sikuelewa siku hiyo alichokataa. Nilielewa baada ya wiki mbili tatu, nilipogundua kwamba jikoni kumekuwa kimya. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipozikwa. Alinizalia watoto wanne. Alinipikia, aliniuguza, alinisalimu kila asubuhi. Kanisani alihamia kuimba misa ya kwanza, mimi nikiwa wa misa ya pili kwa sababu ya wanafunzi, na nilipohamia ya kwanza, yeye akahamia ya pili. Nyumbani alikuwa akiimba. Nilimsikia kwa mbali nikiwa bado njiani, na nikigusa mlango ananyamaza. Watoto aliwafundisha wimbo wote, wa kwenda na wa kurudi. Baada ya mazishi niliwaomba wauimbe. Walitazamana, kisha mkubwa akasema, "Baba, Mama alisema tusiuimbe ukiwepo."

Nilitaka sauti ile iwe yangu peke yangu. Ninyi wote mliisikia mpaka mwisho. Mimi niliyeishi nayo nyumba moja ndiye niliyeikosa, na ile nusu ya kurudi sijaisikia hadi leo.